Mia Niliyoipaka Rangi Kabla Haijapigwa

Kitu cha kwanza kikubwa nilichofanya kazini kilikuwa cha kipumbavu, na afadhali mkisikie kwangu kabla ya kukisikia kwa Ogutu kinyozi, maana yeye hukitia chumvi. Nilimpa mtu mia moja akiwa na tisini na sita. Na sikumpa kwa mdomo, mdomo unafutika. Nilimpa kwa rangi ya mafuta, ya buluu, kwenye mlango wa stoo, mbele ya nusu ya mji wa Migori. Kwa sababu yangu mwanamume mzima alinyoa kichwa, akaenda ukweni akiwa kama mtu aliyetoka kuzika.

Sasa nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na nimestaafu. Kuna watu hufanya kazi miaka arobaini bila kuona niliyoyaona mimi kwa likizo nne. Kwa hivyo ninyi wa darasa la saba na kidato cha kwanza, mnaonifuata kila jioni, "Owino, enzi za redio ilikuwaje?", kaeni chini. Mzee wenu anaongea.

Kazi yangu ilikuwa kusikia.

Mzee Karim ana lile duka la mabati na misumari mnalolijua. Alitoka Mombasa akiwa kijana, na kama wengine wanavyokuja na halua, yeye alikuja na kriketi. Alimpenda mpigaji mmoja wa ng'ambo. Jina kamili la mtu huyo lilikuwa refu na sisi hatukuwa na muda, tukamwita Thuon, yaani jogoo, shujaa, mtu asiyekimbia vita. Mpigaji wa kriketi husimama na gongo lake, anapiga mpira na kukimbia, na mbio zake zinahesabiwa mpaka wapinzani wamtoe. Zikifika mia moja kabla hawajamtoa, hiyo ndiyo mia. Wengi hupiga moja au mbili maishani, wanazeeka wakisimulia. Thuon alizipiga katika mechi za nchi kwa nchi kama mtu anayekata miwa.

Kila mia ya Thuon, Mzee Karim aliipaka mstari mmoja wa buluu kwenye mlango wa stoo, kutoka chini kwenda juu, kama ngazi. Pale alipokomea bingwa wa zamani, yule aliyekuwa na mia nyingi kuliko watu wote duniani, aliweka mstari mwekundu. Mkitaka idadi, nendeni mkahesabu mlango, mimi si karani. Nilichojua ni kwamba mwaka ule buluu ilikuwa imegusa nyekundu. Ulibaki mstari mmoja tu, na Thuon angekuwa juu ya kila mtu.

Redio ilikaa stoo kwa sababu waya wa eriali ulipandia huko nyuma. Mzee hawezi kuuza misumari mbele na kusikiliza nyuma, ndipo nikaajiriwa mimi. Matangazo yalikuwa kwa Kiingereza cha puani, na Kiingereza changu kilikuwa kimewahi kusifiwa na mwalimu hadharani, mara moja, kwa makosa. Nilikaa kwenye debe, nikisikia jambo napaza sauti kwa Kiswahili, na watu wa veranda wanalitafsiri kwa Kiluo likishaharibika vya kutosha. Mia ikiingia, napaka mstari, kisha natoka kugonga rimu ya lori la miwa iliyotoka Awendo, ile inayoning'inia pale nje. Mzee akisikia rimu anagawa mandazi kwa kila aliyepo. Ndiyo maana veranda ile ilikuwa na wapenzi wengi wa kriketi wasiojua hata mpira wake una rangi gani.

Siku hizi kuna dishi juu ya bati. Mnakaa mnatazama kwa macho, picha inarudiwa mara tatu kama somo la watoto wazito. Hiyo si kazi. Kazi ilikuwa wakati wetu. Betri zikianza kukohoa, hatukuzitupa, tulizianika juani juu ya bati zikapona. Mawingu yakitoka upande wa ziwa, ulishika waya kwa vidole viwili ukawa eriali wewe mwenyewe. Nimewahi kusimama mguu mmoja nusu saa kwa sababu nikishusha wa pili nchi nzima inapotea.

Sasa Ogutu. Kibanda chake cha kunyolea kiko mkabala na duka la Mzee Karim, na wakati huo nywele zake zilikuwa duara, zimesimama, pana kiasi kwamba ukikaa nyuma yake kanisani humwoni padre. Ndizo zilikuwa bango lake. Alimpinga Thuon si kwa sababu alijua kriketi. Alimpinga ili mchana upite.

"Huyo wenu hafiki," alisema siku moja, mkasi ukila hewa juu ya kichwa cha mteja. "Akivuka ule mstari mwekundu, mimi Ogutu nanyoa hizi nywele hapa verandani. Kavukavu."

"Bila maji?" Mzee Karim akauliza kutoka kaunta.

"Bila maji, bila sabuni."

"Mashahidi mpo?"

"Tupo!" veranda ikajibu, na sauti ya juu kabisa ilikuwa ya mama yangu.

Mama huuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapo verandani. Alizaliwa Remba, na mtu aliyelelewa kisiwa kile, nyumba zimebanana kama meno, kila mtu anaongea juu ya mwenzake, hajui kunong'ona. Akikuambia siri, jirani anajibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tumefunga shule. Mzee Karim alikwenda Homa Bay kuchukua mabati. Kabla hajaondoka aliniita.

"Mwanangu, leo Thuon anapiga. Usiandike unachodhani. Andika ulichosikia."

"Ndiyo, mzee."

Thuon alianza taratibu, akashika moto. Thelathini. Sitini. Themanini na nane, na veranda imejaa watu wenye njaa ya mandazi. Tisini na sita. Hapo stesheni moja ya kwaya kutoka upande wa Tanzania ikapanda juu ya mechi kama ng'ombe anayeingia shamba la watu. Nikashika waya. Nikainua mguu. Kwaya ikaimba haleluya, na katikati ya haleluya na haleluya nikasikia umati wa uwanjani ukilipuka. Kelele, vijana! Kelele ya bati kuezuliwa.

Nikapiga hesabu. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja ni nne. Tisini na sita na nne. Hesabu hiyo hata mbuzi anaijua.

Nikachukua brashi.

Sikilizeni, fundi huzaliwa au hufa mahali kama hapa, brashi mkononi na hakuna anayemwona. Mimi nilikufa. Nilipaka mstari mnene juu ya ule mwekundu, mzuri, umenyooka, nikatoka kugonga rimu mpaka mbwa wa sokoni wakajibu.

Ogutu alikuja na shuka ya mteja mkononi, na mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja.

"Ni kweli?" akaniuliza. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Kwa haya mawili."

Akaingia stoo, akautazama mstari ukiwa bado unatiririka. Akarudi, akakaa kwenye stuli katikati ya veranda.

"Leteni mashine."

"Ogutu," mama akamwambia, "kesho si unaenda Homa Bay kwa wakwe?"

"Min Owino, kiapo hakijui kesho," akamjibu mama.

Alinyolewa na mwanafunzi wake kwa mashine ya mkono, kavukavu, akikunja uso kila kona. Nywele zilianguka kama ndege aliyepigwa manati. Kichwa kilichotokea chini kilikuwa kidogo. Hatukukitegemea. Watu wakatazama barabarani kwa adabu.

Kisha mama akasimama. Kwetu kuna pakruok: watu wakishafurahi, mmoja ananyamazisha wengine, anajisifu yeye na ukoo wake kwa maneno makubwa, wanamwitikia, anakaa. Si majivuno, ni chumvi ya furaha.

"Nyamazeni!" akasema, na Migori ikanyamaza. "Mimi nyar Remba, binti wa Remba! Mimi niliyezaa masikio! Wengine wamezaa matumbo, yanawamaliza ugali. Mimi nimezaa masikio yanayosikia ng'ambo!"

"Sema, nyar Remba!"

"Nimekaa!"

Nilirudi stoo nikiwa mrefu. Kwaya ilikuwa imemaliza. Mtangazaji alikuwa akieleza kwa upole, kama daktari, jinsi mpira wa Thuon ulivyodakwa karibu na mpaka, naye akatolewa akiwa na tisini na sita.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo moja ambalo dishi halitawafundisha. Umati ukipiga kelele, uliza kwanza hapo ni kwa nani. Thuon alikuwa mgeni siku ile. Kelele niliyoisikia ilikuwa ya wenyeji wakimtoa. Mwenyeji hapigi kelele mgeni akifikisha mia. Anapiga makofi machache, mazito, kama mtu anayempokea mkwe asiyempenda.

Kutoka kwenye debe langu hadi verandani ni hatua nne. Nimewahi kutembea Migori hadi Awendo kwa miguu, sikulalamika. Hatua nne zile zilinishinda. Nje walikuwa wanacheka, Ogutu anajipapasa kichwa, mama anapokea pongezi kwa mikono miwili. Nikazima redio.

Mzee Karim alirudi saa kumi. Alisimama mbele ya mlango muda mrefu, akavua kofia, akajifuta jicho nayo.

"Aliipigaje ile ya mwisho, mwanangu?"

"Ilipita katikati ya watu wawili, mzee. Chini chini, kama nyoka."

Uongo ni kama omena, hauliwi mmoja. Nilimwambia nyoka alipita wapi, nani alijitupa akamkosa, mpaka Mzee akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akuhifadhie masikio haya," akasema. Sijawahi kusikia dua nzito kama ile.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo linaitwa gazeti. Gazeti la Jumapili lilifika na basi saa nne, na kumchukulia Mzee nakala yake ilikuwa kazi yangu. Mjini hapa watu husoma siasa na soka, kriketi husomwa na Mzee peke yake. Kwa hivyo niliona njia. Nilichomoa karatasi ya mwisho, ile yenye kriketi, nikampelekea Mzee zilizobaki.

"Ukurasa wa michezo uko wapi?"

"Labda wamesahau kuutia, mzee."

"Siku kama hii!" akasikitika. "Wajinga hawa."

Ile karatasi ningeichoma. Mngeichoma, sivyo? Mimi niliificha kwenye rundo la magazeti ya mama ya kufungia omena, chini kabisa. Nilidhani chini ya rundo ni kaburi. Nimekula omena miaka kumi na mitano na sikuwa nimewahi kutazama mama anavyofunga. Karatasi za juu hupata vumbi na unyevu. Kila asubuhi mama hulipindua rundo, anaanza na za chini.

Jumatatu Ogutu alirudi kutoka Homa Bay. Alikuja verandani na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akaketi bila kusalimia.

"Yawa, Ogutu," mama akasema, "wakwe walikupokeaje?"

"Usiniulize, Min Owino."

"Nimeuliza."

"Nilifika na kuku wawili na shati jipya. Mlangoni nikavua kofia kwa heshima." Akaishusha ile kofia zaidi. "Mama Akeyo akaona kichwa, akashika chake. 'Nani amekufa kwenu?' Kabla sijajibu, mashangazi wawili walishaanza kulia. Wanalia vizuri, hata mimi nikaona machozi yananijia."

Mnajua kwetu. Mtu akinyoa kipara namna ile, watu wanajua kuna kaburi bichi nyumbani. Mama alikuwa amemwonya.

"Nikawaambia hapana, ni kriketi. Bibi mmoja akaniuliza, 'Pole mjukuu wangu, Kriketi alikuwa mtoto wa nani?'"

Mama aliuma mtandio asicheke.

"Wakasema mambo ya ndoa hayazungumzwi na mtu wa matanga. Wakanipa uji, wakanirudisha na kuku wangu. Akeyo hata sikumwona. Miaka miwili namchumbia, Min Owino, halafu kichwa changu mwenyewe kinanikana."

Mama kwa huruma akachota omena, akaongeza, akaongeza tena, akazifunga na kumpa. Ogutu akapokea, akatazama chini, macho yake yakatua kwenye karatasi. Midomo ikaanza kutembea.

"...'alitolewa akiwa na tisini na sita.'" Akaigeuza. "Hii karatasi ni ya lini?"

"Omena ni za jana," mama akasema. "Karatasi sijui, mimi nafungia tu."

Ogutu akasoma tena. Akautazama mlango wa stoo. Akanitazama mimi, na misumari niliyokuwa nikipima ikanimwagika.

Mzee Karim alitoka kaunta, akavaa miwani, akaichukua ile karatasi na omena zikiwa ndani. Alisoma mpaka mwisho.

"Owino."

Mama, ambaye hajui kunong'ona, alikuwa kimya. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikasema yote: kwaya, kelele, hesabu ya mbuzi, nyoka aliyepita katikati ya watu wawili, ukurasa uliosahauliwa. Nilipomaliza hata mteja aliyekuwa akinunua bawaba alikuwa amesahau bawaba.

"Nipeni huyu," Ogutu akasema. "Nitamnyoa mpaka mawazo."

"Ngoja," Mzee akasema. Alinitazama mimi, si mlango. "Kukosea kusikia, hiyo ni kazi. Hata mimi nimekosea. Lakini kunyamaza siku mbili si kazi, hiyo ni tabia. Na mimi uliniacha nifurahi kama mpumbavu."

Alimwaga omena kwenye bakuli, akachukua nyundo na misumari minne, akaigongomea ile karatasi juu ya mstari wangu, ikaufunika. Tangu siku hiyo paka wa mtaa mzima wakawa wapenzi wa kriketi.

"Rangi ya mafuta haifutiki," akasema. "Itafunikwa mpaka iwe kweli. Na wewe kesho unafuatana na Ogutu Homa Bay, ukawaeleze wale watu kwamba hakuna aliyekufa."

Nikamtazama mama anitetee.

"Ataenda," mama akasema. Kisha akawageukia watu wa veranda. "Na ile sifa yangu ya Jumamosi, mtu asiirudie. Nimeirudisha."

Wangenichapa ningeumia kidogo. Hilo linauma mpaka leo likiguswa.

Homa Bay tulimkuta Mama Akeyo ameketi nje ya jikoni akimenya njugu. Ni mwanamke mpana, mtulivu, anayekutazama kama mtu anayekadiria ng'ombe. Ogutu alibaki na kofia yake. Mimi nilisukumwa mbele.

"Wewe ndiye Kriketi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Kriketi ni mchezo."

"Eleza."

Jaribuni siku moja kumweleza mchezo huo mtu anayemenya njugu. Niliomba mwiko, niliomba ndimu. Nikampa Ogutu ndimu anirushie, nikaipiga kwa mwiko, ikaingia kwenye sufuria ya kunde.

"Hiyo ni nne," nikasema.

"Hiyo ni sufuria yangu," Mama Akeyo akasema. "Endelea."

Nikamweleza mia, na bingwa wa zamani, na mstari mwekundu, na kiapo. Alisikiliza yote. Nyuma ya mlango wa jikoni nilisikia mtu akijizuia kucheka.

"Kwa hivyo mkwe wangu alinyoa kichwa kwa sababu ya mtu wa ng'ambo."

"Ndiyo, mama."

"Aliyepiga mpira."

"Ambaye hakupiga, mama."

"Na ninyi ndio mnataka binti yangu."

"Mimi hapana, mama. Mimi ni shahidi tu."

Nyuma ya mlango kicheko kikatoroka. Akeyo akajitokeza na kikapu mbele ya uso, akamtazama Ogutu. "Vua kofia nione," akasema. Ogutu akavua. Akeyo aliegemea ukuta kwa kucheka, mama yake akakaza uso, lakini njugu zilikuwa zikimtetemeka mapajani.

"Sikieni," Mama Akeyo akasema baadaye. "Anayenyoa kwa sababu ya neno lake, huyo si mbaya. Lakini mimi sitawaambia mashangazi waliolia kwamba walilia bure. Amenyoa kwa mia ya uongo, atarudi na mia ya kweli. Huyo mtu wenu akiipiga, njooni tuzungumze. Na mje na gazeti."

Njiani kurudi, tulipokaribia Rongo, Ogutu akanigeukia.

"Owino."

"Naam."

"Huyo Thuon, kwani hula nini? Yuko na afya?"

Ndivyo mpinzani mkubwa wa Thuon alivyogeuka mfuasi wake namba moja duniani. Wiki zile Ogutu alihama kibanda chake. Kila mechi yuko stoo, kwenye debe la pili, kichwa kimeanza kuota kama mtama wa mvua ya kwanza. Thuon naye, kama anayejua, akaanza kutolewa kwa aibu. Siku moja alitoka na kumi na moja. Siku nyingine alitolewa kwa mpira wa kwanza, bila kitu, na Ogutu akalaza uso juu ya gunia la saruji.

"Hanipendi," akasema.

"Hakujui, bwana."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Mimi nilikuwa nimebadilika kidogo. Kila nilichosikia nilikiandika kwa penseli kwanza. Watu wa veranda walinitania, "Owino, mvua inanyesha?" nami natoka nje naangalia kabla ya kujibu. Mandazi yalikuwa yamekoma, na hilo pia lilikuwa deni langu.

Kisha ikaja Jumamosi nyingine. Thuon alikuwa mgeni tena, nchi nyingine. Tisini alifika mapema. Tisini na tano. Tisini na tisa, na nisipowaambia mtakisia: kwaya ileile, haleluya ileile. Ogutu alirukia waya, akaushika kwa mikono miwili.

"Inua mguu!" nikamwambia.

"Upi?"

"Wa kushoto!"

Akainua. Kwaya ikazama kidogo. Mzee Karim alikuwa ameacha kaunta, amesimama mlangoni na mteja amesimama nyuma yake. Tukasikia kitu chembamba sana kutoka uwanjani, tap, tap, tap. Makofi machache. Mazito.

"Imeingia?" Ogutu akauliza, anayumba.

"Sijui."

"Hayo makofi!"

"Nimeyasikia. Sijui."

"Owino, vuta hiyo karatasi! Nina mchumba!"

"Sivuti."

Moyoni nilikuwa najua. Ndivyo kazi ilivyo, unaweza kujua na bado hujasikia. Nilimtazama Mzee. Hakunisaidia, alisimama tu ananiangalia mimi, si redio. Kwaya ikafika mwisho wa wimbo, ikavuta pumzi, na katika pumzi hiyo mtangazaji akasema: mia moja, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuwa na nyingi kama zake.

"Amesema!" Ogutu akalia.

"Ngoja aseme tena."

"Owino, mguu!"

"Ngoja."

Akasema tena. Neno kwa neno. Nikaangusha penseli.

Mzee Karim hakunipa brashi. Alinipa nyundo ya kung'olea misumari. Nilitoa yote minne, karatasi ikaanguka pamoja na harufu yake, na mstari wa buluu ukawa pale pale, juu ya mwekundu, umenyooka.

"Nyumba ulijenga mapema," Mzee akasema, akiupapasa. "Leo mwenyewe amehamia."

Kabla ya kugonga rimu nilitembea zile hatua nne. Nilisimama mbele ya mama, nikamwambia, "Mama, Thuon amefika mia. Nimesikia mara mbili." Kisha nikagonga. Watu wakajaa, mandazi yakaja, Ogutu alishachomoka kutafuta shati lake la ukweni huku akiwaambia hata punda wa sokoni. Watu wa veranda wakamgeukia mama, wanapiga makofi, "Nyar Remba, simama! Simama ujisifu! Yako wapi yale masikio?"

Mama alimaliza kumchotea mteja wake. Alinitazama sana, akajifuta mikono kwenye leso, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ya chini:

"Nitajisifu kesho, gazeti likifika."